Kibodi ya Boksi la Shati

Enzi zetu pale Buruburu, miaka ya tisini, kompyuta ilikuwa kama mgeni wa heshima. Shuleni tulikuwa nazo tatu, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na kuingia chumba chake ulivua viatu. Kabla ya kuzigusa ulifanya mazoezi kwenye kibodi ya kuchora, mpaka vidole vijue njia bila macho.

Yangu alinichorea baba, karani wa ofisi moja mjini, kwenye boksi la shati lake la Krismasi. Jioni alinifunika mikono kwa leso, akanisomea gazeti nami nikichapa.

"Ukiingia hilo darasa la kompyuta, mama, ofisini utaheshimiwa. Si kama mimi wa kutumwa mafaili."

Siku ya mtihani wa kuingia darasa hilo ilibaki nafasi moja, nasi tulikuwa wawili: mimi na mwenzangu Halima. Nikaketi, soksi imetoboka, nikachapa ukurasa mzima bila kuinua macho, kama tulivyofundishwa. Mwalimu Mutua, aliyekuwa mlangoni akichunga viatu visiibwe, akaja kuangalia. Kioo cheusi tititi.

"Sasa hii yote ulikuwa unamchapia nani?"

Boksi la baba halikuwa na swichi.

Halima alicheka mpaka akashika ukuta. Zamu yake ilipofika akauliza kwanza, "Mwalimu, inawashwa wapi?" Nafasi ikawa yake. Niliomba kurudia, mwalimu akakataa. Baba hakunigombeza. Alikula ugali akaenda kulala, na afadhali angenichapa.

Kompyuta nilikuja kuijua ukubwani, na hata sasa, mimi mama wa nyumbani, bado napenda ile ya zamani: kioo cheusi, maandishi ya kijani. Usipojua amri inakukatalia, kama Mwalimu Mutua. Za leo zinakusahihisha hata kabla hujakosea. Mwanangu anabonyeza mara mbili, insha imeiva, na mwalimu anampa A ambayo nina hakika hakuisomea. Juzi nilimwambia aniandikie nusu ukurasa kwa kalamu.

"Mathe, kwani stima zimepotea, kompyuta haiwaki?"

Nilicheka, kisha nikaenda chumbani kulitoa lile boksi. Baba alishafariki. Herufi zimefifia kwa vidole vyangu, nyingine hazionekani kabisa. Lakini pale pembeni, kwa kalamu nyekundu, ipo swichi aliyoichora asubuhi ya baada ya ule mtihani, kabla ya kwenda kazini.