Tanzia ishirini za Mevlida

Saa moja asubuhi, mjini Travnik. Mevlida Karahodža, miaka 66, anachovya brashi kwenye ndoo ya gundi na kuupaka mti ulio jirani na tanuri la mkate. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni kubandika tanzia mitini: za kijani kwa Waislamu, nyeusi kwa Wakristo. Ujira hauvuki marka ishirini kwa siku.

"Watu wakiniona nakaribia mlango wao, wanajipapasa kuona kama bado wako hai," anatania.

Ferid, mchapaji, amemkabidhi karatasi ishirini za kijani. Anabandika ya kwanza, anailainisha kwa kiganja. Kiganja kinasimama juu ya picha ya marehemu.

"Nihad! Jamani, huyu ni kaka yangu!"

Brashi inamdondoka. Hawajasemezana tangu 1993, Waislamu na Waserbia walipokuwa vitani, alipomtaka Nihad amwache mkewe Mserbia, Slavojka. Nihad alikataa, akahamia naye Banja Luka, upande wa Waserbia.

"Nilimwambia hana dada. Mkewe anaongea lugha yetu hii hii, nami nikamwita mgeni," anasema.

Ferid anatoka dukani mbio. "Mama Mevlida, wallahi sikujua ni kaka yako, nilidhani ni Mevlida mwingine! Mjane kaagiza kwa simu. Kasema ndio wosia wa marehemu."

"Wosia gani?"

"Soma chini."

Chini yameandikwa majina ya wafiwa. La kwanza, kabla hata ya mke, ni dada Mevlida. Maziko ni leo baada ya adhuhuri, hapa Travnik. Khitima ya wanawake itasomwa nyumbani kwa dada yake Mevlida.

Anakaa kwenye ukingo wa barabara, mikono kichwani.

"Ewe kaka mjanja!" analia. "Ukiwa hai nilikufungia mlango, sasa unaingia kwangu na mji mzima! Na sijafagia hata sebule!"

"Nichape nyingine?" Ferid anauliza kwa woga. "Tuseme khitima iko msikitini?"

"Thubutu!"

Anaokota brashi. Anabandika zote, mti kwa mti, akifuta machozi kwa mkono wenye gundi. Ya ishirini anaibandika kwenye mlango wake mwenyewe, kisha anaweka sufuria jikoni akaange unga wa halua ya msiba.

"Slavojka akifika nataka aukute mlango wazi," anasema. "Naomba Mungu anipe sauti tu. Kuna neno sijawahi kumwita. Wifi."