Paluku Yupi Aache Dawa?

Saa mbili asubuhi, kwenye kituo kidogo cha afya cha Mbau, muuguzi Adèle ameshika vidonge kiganjani, anambembeleza mwanamume mzima kama mtoto aliyesusa uji. Zacharie Paluku hataki hata kuvitazama.

“Mama Adèle, Butembo balisema Paluku aache dawa. Paluku ni miye,” anasema, huku akikohoa.

Balaa lenyewe ndilo hilo. Kwa Wanande, watu wa huku, Paluku ni jina la mtoto wa kwanza wa kiume, na kituo hiki kina wagonjwa wawili wenye jina hilo. Zacharie ana kifua kikuu. Mwenzake, Siméon, anaugua moyo, na mwezi uliopita alipelekwa hospitali Butembo.

Mwaka huu wa 2002 vita vimefunga barabara, na barua za daktari hazifiki. Habari za wagonjwa hupitia redio ya upepo ya parokia, ile ya kuitana na kujibizana, na wanajeshi wanaosikiliza hawataki maneno mengi. Kwa hiyo Butembo ilisema kwa ufupi: Paluku aache dawa. Shemeji yake Zacharie aliyekuwapo parokiani akatoka mbio kupeleka habari njema nyumbani. Kuku akachinjwa. Usicheke, msomaji. Ni miezi sasa Zacharie anameza vidonge hivyo kwa tumbo tupu na kutapika.

Adèle amechoka, na haoni haya kusema. Mshahara hajauona tangu vita vianze. Wagonjwa humletea maharage. Kinachomchosha zaidi ni kukisia.

“Natuma mugonjwa, siyui balimupa nini. Anarudia, siyui balibadilisha nini. Donc, basi natumika kazi kama kipofu.”

Jana alikwenda parokiani, akangoja wafanyabiashara wamalize habari zao za chumvi redioni, ndipo akauliza ni Paluku yupi. Wanajeshi wakamkata. Leo alfajiri amerudi huko, na jibu amelipata.

“Ni Paluku wa moyo, hapana weye,” anamwambia Zacharie. “Ukiacha sasa, ugonjwa itarudia na nguvu. Utaambukiza batoto.”

Zacharie anaketi kizingitini. Anamtazama mkewe, Sifa, aliyembeba kitinda mimba mgongoni. Machozi yanamlengalenga.

“Mais... lakini tulishakula kuku,” anasema.

Kisha ananyoosha mkono, anameza kimoja kimoja. Sifa anashusha pumzi.

Barabara ikifunguka, Adèle atapanda lori hadi Butembo. Yule daktari wa huko, anayeshirikiana naye kutibu wagonjwa walewale, hajawahi kumwona sura.

“Nataka tuikale chini, nimuelezee bagonjwa bangu mumoja mumoja,” anasema. “Tuongee mpaka tuchoke, na hakuna mutu atatukata.”