Buibui Aliyelala Chali

Jumapili, tarehe mbili Machi. Kumekucha na manyunyu, kufika saa mbili yakakatika, jua likatoka kali na mtaa wote ukaanza kufuka mvuke wa maji machafu.

Nimeamka kumwangalia buibui, nikamkuta amelala chali, miguu minane juu.

Buibui huyu sikumtafuta. Mimi ni fundi wa mapazia, nashona Kariakoo. Wiki tano nyuma nilikwenda kutundika mapazia kwa mama mmoja wa Kihindi, Upanga, ghorofa ya tatu. Nilipomaliza akaniletea kisanduku cha kioo chenye mfuniko wa wavu. Ndani, juu ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, alikaa buibui wa kahawia mwenye manyoya, mpana kama kiganja changu.

"Tarantula huyo, fundi. Wa kijana wangu. Kaenda kusoma nje, na mimi hata kupita kile chumba naogopa. Chukua."

"Ana sumu, mama?"

"Kama nyuki tu."

Nikamshuku palepale. Mtu hampi fundi kitu kizima, pamoja na kioo chake, bila sababu nyingine. Lakini niseme haki, sijaona alichonificha, na alikaa akaniandikia karatasi ya malezi kwa mkono wake. Maji yawe kwenye kifuniko cha soda. Mdudu mmoja hai kwa wiki. Asishikwe, asianguke, na dawa ya wadudu isipuliziwe hata chumba cha jirani. Kwa nini nilikubali, sijui vizuri. Nadhani nilitaka kuwa na kitu ambacho wengine hawana, na hilo si la kujisifia.

Nyumba tunayopanga ina vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati. Mke wangu alitaka kisanduku kikae juu ya kabati na mfuniko ufungwe kamba. Mpangaji wa chumba cha mwisho, mama anayeuza vitumbua, alikuja kuchungulia siku ya kwanza akaniuliza, "Baba, huyo ni wa kufuga au wa kutuma?" Nilicheka. Halafu siku mbili nzima nikawa najiuliza ni nani aliyemtuma yeye aje kuuliza.

Mende nilikuwa nawakamata mwenyewe nyuma ya jiko la uani. Hapo nikapata kazi nyingine, kuwashuku mende. Kila niliyemkamata kwa urahisi nilimwona kama aliyekwisha kupuliziwa, nikamwachia. Nikapita mlango kwa mlango kuwaomba wenzangu wasitumie dawa. Wote walikubali, hata jirani yangu wa mbele, ingawa alinung'unika.

"Mateka wangu, kwa hiyo tuliwe na kunguni ili mdudu wako anenepe?"

Huyu ni fundi viatu, Mhehe wa Iringa, na mlango wake unatazamana na wangu. Mimi ni Mngoni wa Songea. Babu zetu walipigana, kwa hiyo sisi ni watani. Ananitukana, namtukana, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ameniita mateka miaka kumi na moja. Mke wangu alipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyekaa na mimi siku tatu kwenye benchi la hospitali. Ndugu hapa mjini sina. Nina yeye.

Wiki ya tatu buibui akakataa kula. Tumbo likawa jeusi, akawa anakaa kona moja kama mtu mwenye deni. Nikaanza kunusa hewa kila nikitoka chumbani.

Na leo, baada ya kumkuta chali, nikatoka ukumbini nikanusa, nikaisikia harufu ya dawa. Nikaifuata taratibu kama mtu anayetafuta panya aliyefia ndani. Ilikuwa kali zaidi mlangoni kwa mtani wangu.

Kama ni yeye, nikajisemea, basi mtu wangu mmoja Dar es Salaam nzima sina tena.

Nikarudi ndani. Sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu, lakini mama wa vitumbua alisikia, na akisikia yeye ukumbi mzima umesikia. Haikupita robo saa mtani akaingia, mikono kichwani, analia kwa sauti ya kike.

"Uwii! Jamani, shemeji yetu katutoka! Kaniacha na nani mimi! Nani kamuua? Mimi! Nimemuua mwenyewe, na hicho kioo nakirithi leo, msinibishie!"

Ndivyo mtani anavyofanya msibani. Hujilaza alipolala marehemu, hudai kamuua yeye, hudai urithi, mpaka wafiwa wacheke. Kwenye msiba wa mama yangu alifanya hivyohivyo, nikacheka na machozi yanatoka. Nalijua hilo. Lakini harufu ilikuwa bado puani.

"Umemuua kweli," nikasema.

"Kweli kabisa. Na nguvu za kuua mwingine ninazo."

"Toka. Toka chumbani kwangu, mchawi wewe!"

Kule ukumbini redio ya mama wa vitumbua ikateremshwa sauti. Mtani akashusha mikono kichwani, akaiangalia kama hajui aiweke wapi.

"Samahani, mzee," akasema, akatoka.

Hajawahi kuniita mzee.

Kanisani sikwenda. Nilikaa kitandani nikijihesabia sababu za kuwa sahihi. Mke wangu akaniuliza, "Ulimwona akipulizia?"

"Harufu."

"Harufu inaingia pote humu."

Adhuhuri yeye akashusha kisanduku ili akamzike buibui uani. Akafungua kamba, kisha akaita, "Njoo. Wako wawili."

Walikuwa wawili kweli. Mmoja chali vilevile, na kando yake mwingine, mpya, manyoya yanang'aa. Wazo langu la kwanza, na naliandika ingawa linanitia aibu, lilikuwa: nani kaniwekea wa pili? Nikamuuliza mke wangu fundo lilikuwaje. Akasema ni lilelile nililofunga mimi. Hata hapo nikamfikiria mtani, ameingia vipi, saa ngapi.

Mke wangu akachukua sindano yangu ndefu ya mapazia, akamgusa yule wa chali. Akasogea kama karatasi. Ndani mtupu.

"Kajivua ngozi," akasema. "Kama nyoka."

Nikarudi kwenye karatasi ya malezi. Halikuwemo neno hilo. Nilitaka kumlaumu mama wa Upanga, lakini huenda hata yeye hakujua.

Nikavuka ukumbi. "Hodi."

Mlango ukafunguliwa nusu.

"Buibui mzima," nikasema. "Alikuwa anajivua."

"Nimefurahi, mzee."

"Lakini dawa nimeisikia."

"Nilipulizia. Jana jioni. Kunguni wamenila mwezi mzima nakuheshimu wewe na mdudu wako. Nikaziba chini ya mlango kwa koti langu mwenyewe, lile la harusini."

Kwa hiyo ahadi alikuwa ameivunja kweli. Nilikuwa sahihi nusu, na hiyo nusu haikunisaidia kitu pale mlangoni. Nikamwambia nimekosa.

"Mtani akikasirika hutozwa faini. Wewe umekasirika mbele ya watu, tena umetaja na uchawi."

"Sema."

"Jogoo. Anayewika. Na radhi uniombe hapo ukumbini, uliponitukania."

Nikasimama katikati ya ukumbi nikaomba radhi. Mama wa vitumbua alitoka na kigoda chake kabisa, akakaa. "Rudia, baba, huku mwisho hatujasikia." Nikarudia. Mtani hakucheka. Akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango, na sikujua kama faini ikilipwa kosa linafutika kweli.

Jogoo nilimnunua sokoni. Niligoma kumchukua mpaka awike, muuzaji akaniona mwehu.

Jioni tumekula ugali wa dona na jogoo wa kuchemsha, nyanya na kitunguu tu, pamoja na mchicha. Tulikuwa watatu, mke wangu, mimi na mtani wangu. Alikula, akaongeza ugali, na firigisi aliichukua kwenye sahani yangu bila kuuliza.