Sahani Mbili Mezani

Wiki jana ilikuwa ile wiki ya mwaka ambapo kampuni za gemu hujitokeza moja baada ya nyingine kutangaza zinachotengeneza. Nilitazama yote nikiwa chumbani kwangu Kawangware, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, sikio moja lina kisikilizi, lingine linamsikiliza jirani akikaanga vitunguu. Wenzangu wa kazini walikuwa wanajirekodi wakishtuka. Mmoja alirudia mpaka akapata mshtuko mzuri. Mimi nilisema "sawa", nikatoka kuanua nguo. Hapo kwenye kamba, nikipapasa suruali iliyokataa kukauka, nikaikumbuka saluni ya Soweto West, mtaa nilikokulia.

Wewe uliyekulia kule unaijua baridi ya Juni, ile ya kuoga kwa maji ya moto ya karai moja na kubaki na moshi wa jiko kwenye sweta. Wakati huo gemu zilichezwa kwenye kibanda cha vijana kule Laini Saba, na msichana hakuruhusiwa kushika padi ya kuchezea. Ungeweza kusimama nyuma na kupumua polepole. Kwa hivyo mimi nilihamia saluni, iliyokuwa na televisheni kubwa na intaneti ya kuvutwa kutoka kwa jirani.

Mwenye saluni tulimwita Anti. Alikuwa mwanamke mpana kutoka magharibi mwa nchi, mwenye vidole vyembamba ambavyo ungedhani kaviazima. Tulikubaliana: nimjazie mitungi ya maji na kufumua nywele za wateja, naye siku za matangazo ya gemu aniachie rimoti. Wateja hawakuulizwa. Mtu ambaye kichwa chake kiko mikononi mwa msusi hutazama anachowekewa.

Mwaka wa kwanza walitazama kwa kuvumilia. Magari, mizimwi, wanaume wenye bunduki. "Hawa hawana kwao?" Anti aliuliza. Kisha kikaja kionjo kimoja kifupi cha gemu ambayo haijatoka. Mwanamke mwenye upanga anarudi kutoka vitani akiwa juu ya farasi, theluji inaanguka. Anafika nyumbani, mlango uko wazi. Ndani, sufuria bado inafuka mvuke. Mezani kuna sahani mbili. Mume hayupo. Giza, halafu maandishi: mwaka ujao.

Mimi nilipiga kelele ya furaha. Anti akaweka chanuo chini.

"Huyo mwanaume ameenda kwa mwingine," alisema. "Sahani ni mbili, si unaona? Mtu wa kukaa peke yake anaosha mbili za nini?"

"Ametekwa," ikajibu sauti kutoka chini ya drai ya kukaushia nywele. Alikuwa ni mwenye ploti, yaani vyumba vyote vya kupanga vya pale, nyanya wa Kinubi ambaye sote tulimwita Haboba. "Mlango umeachwa wazi. Mwanaume anayetoroka hufunga mlango asisikike."

"Haboba, wanaume wa siku hizi hata mlango hawajui kufunga."

Niliwaambia kwamba ni gemu tu. Waliniangalia kama mtu aliyekohoa kanisani.

Kufikia Ijumaa, ploti ilikuwa imegawanyika. Upande wa Anti walimwita yule mume "fisi". Upande wa Haboba walimwita "maskini". Mama wa chapati alibadilisha upande kulingana na mteja aliyesimama mbele yake. Mimi niliitwa huku na huku kuulizwa kama kuna habari mpya, na kwa mara ya kwanza maishani watu wazima walinyamaza nikizungumza.

Juni iliyofuata saluni ilijaa kabla ya saa. Wengine walikuja na vichwa vilivyosukwa juzi, wakidai vinawasha. Tangazo likatoka: gemu imeahirishwa. Anti alizima televisheni. "Wanamficha," alisema.

Haboba akamjibu kwamba mtu aliyeachwa huona kila mlango ni wa kutorokea.

Pale ndipo mambo yalipoharibika. Mume wa Anti alikuwa ameenda Kisumu kutafuta kazi ya ujenzi, simu ikazimwa, na kila mtu alijua, lakini hakuna aliyewahi kulisema ndani ya saluni. Anti alimaliza kichwa cha Haboba. Kuanzia siku ile walinuniana. Haboba alipeleka nywele zake saluni nyingine kule Olympic. Baadaye akamtuma mjukuu kusema kwamba huenda chumba cha saluni kikahitajika kwa matumizi mengine. Mama yangu alisema hajawahi kuona mtu akikaribia kufukuzwa nyumba kwa sababu ya mume wa katuni.

Gemu ilipotoka hatimaye, fundi wa redio aliyekuwa na karakana kando ya reli alituletea mashine yake ya gemu tuitumie likizo nzima. Hakuwa mkarimu sana; mkewe alikuwa upande wa Haboba, naye fundi alitaka ugomvi uishe mkewe arudi kupika. Nilicheza mimi, msichana wa kusimama nyuma. Wanawake walinielekeza.

"Usiende huko, huyo mzee ni mwongo."

"Angalia uvunguni."

"Mwache huyo simba, muulize yule mwanamke wa sokoni, huyo anajua."

Simba aliniua mara nyingi nikimtafuta mwanamke wa sokoni. Siku ya mwisho Haboba aliingia, akakaa karibu na mlango, akasema amekuja kuangalia kama paa linavuja.

Ikabainika hivi: yule mume alikuwa akipakua sahani mbili kila jioni, yake na ya mkewe, miaka yote ya vita. Siku ile alisikia kwamba jeshi linarudi, akaacha chakula jikoni, akakimbia kumpokea. Akashika njia nyingine. Mke alimkuta mpakani, ndevu zimejaa theluji, akimsimamisha kila askari kumuulizia mkewe.

Saluni nzima ilimgeukia Anti. Haboba alikuwa anafuta macho kwa pindo la mtandio.

"Hii," Anti alisema, "imeandikwa na mwanaume."

Haboba alicheka mpaka tukamshika asianguke na kiti. Kesho yake alikuja kusukwa, na habari ya chumba kuhitajika ikaisha. Lakini jioni ile, wote walipoondoka, Anti aliniomba niirudishe ile sehemu ya mwisho. Aliitazama akiwa amesimama. Kisha akaniambia niende nyumbani, mama yangu ataniulizia.

Barabara ilipopanuliwa ilipita juu ya saluni. Anti alirudi kwao, Haboba tulimzika, na kibandani Laini Saba siku hizi wasichana wanashika padi bila kuomba. Hilo nalifurahia. Nina gemu kwenye simu, na hata mitungi sijazi. Ila wiki jana, baada ya kuanua nguo, nilirudi kutazama tena kionjo kilichosifiwa kuliko vyote. Ni mazishi ya mfalme. Malkia amesimama mbele, macho makavu. Nyuma kabisa kuna mwanamke mwenye shela, analia mpaka anashikwa mikono. Nilisoma maoni ya watu hadi simu ikapata moto. Wamesifu mwanga, wamesifu mvua, wamehesabu nyuzi za manyoya ya farasi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule wa nyuma ni nani.