Tundu la Nne

Benadetha hajapata kuona mikono mibishi kama ya jirani yake wa mji wa Laurel, huku ughaibuni, yule Mkenya anayetunza wazee. Kila Jumamosi jirani huoka mkate wa Kiayalandi, ule wa magadi soda na maziwa lala, usiotaka hamira wala kukandwa. Lakini unga ukishashikana tu, vidole vyake huanza kuukanda kama wa chapati, naye hujichapa mkononi: "Wacha! Utakuwa jiwe." Kisha huukata msalaba juu na kuutoboa matundu manne ili vibwengo watoke, kama alivyofundishwa na shosho, bibi mzee wa Kiayalandi ambaye yeye alimtunza kwa miaka sita. "Upuuzi mtupu," husema kila mara akitoboa. "Mimi nimeokoka."

Juzi mkate ulikuwa umeshaingia kwenye oveni aliposhtuka kwamba hakuutoboa. Akafungua mlango, akaingiza kisu, akatoboa matatu, akaungua kidole.

"Dada, si umeokoka wewe?" Benadetha akamcheka.

"Nimeokoka, ndiyo," akajibu, akikipuliza kidole. "Lakini shosho hawezi kuugusa kama haujatobolewa."

Benadetha, aliyekwenda naye kumzika shosho mwezi Machi, akaacha kucheka. Akamshikia mlango wa oveni, atoboe tundu la nne.