Sarafu Ambayo Eulalia Hakuirusha

Eulalia Tabares alikuwa msaidizi wa utafiti katika chuo kimoja cha Manizales, nchini Kolombia. Kila mshiriki alipofika, alitakiwa arushe sarafu kuamua nani alale nusu saa na nani akae macho. Baadaye wote wangepimwa kumbukumbu kwa orodha ya maneno.

Lakini washiriki waliouza arepa, mikate ya mahindi, na waliosimama jikoni tangu alfajiri, walimtia huruma. "Mama, wewe kalale tu," aliwaambia, bila kurusha chochote. Vijana wa chuo ndio aliowakalisha macho.

Matokeo yakaonyesha waliolala wamekumbuka maneno machache kuliko waliokaa macho.

"Kumbe usingizi unaharibu kumbukumbu," alisema Profesa Ligia, msimamizi wa utafiti, akianza kuandika.

Uso wa Eulalia ukawaka. "Mwalimu, usiandike. Sikurusha sarafu. Vitanda niliwapa waliochoka."

Profesa aliweka kalamu chini. "Basi hatujui kama ni usingizi, umri, au uchovu waliokuja nao. Miezi minne ya kazi imepotea, mwanangu."

Hakumfukuza. Alimwagiza awapigie simu washiriki wote, awaambie majibu yao hayatatumika.

"Usijali, binti," muuza arepa mmoja alimjibu. "Mimi siku ile nililala vizuri sana."

Eulalia alikata jina lake kwenye orodha, akapiga namba iliyofuata.