Ngumi za Kambini Kamina

Mwezi uliopita, nikiwa safarini ugenini, mwenyeji wangu alinipeleka kutazama kituo wanakofundishwa mabingwa wa michezo. Niliona mabeseni makubwa ya maji ya barafu, mashine za kupima pumzi, na mpishi anayepima hata chumvi. Kisha akafungua mlango wa ukumbi wa ndondi. Msichana mmoja alikuwa akipiga mfuko: pu, pu-pu. Nilikuwa Kamina tena, nina miaka kumi.

Baba yangu alikuwa askari wa kambi ya Kamina. Jirani yetu, kaporali mwenye pua iliyovunjika mara mbili, alitufundisha ndondi watoto wote uani kwake, kwenye gunia la mchanga. Nilipomaliza kumtwangia nkambo, bibi yangu, sombe, yaani majani ya mihogo, nilikimbilia huko. Mwenzangu wa kupigana alikuwa binti wa karani wa reli, wa familia iliyotoka mkoa jirani wa Kasai. Tulipigana hadi midomo ikapasuka, kisha tukala bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa ziwa Kisale katika sahani moja, tukicheka kwa jinsi chumvi ilivyotuwasha.

Aliyetushinda sote ni kaka yangu mkubwa. Kaporali alimpenda, ila alimkemea kila siku: "Muntu mwenye iko chini, haumupige! Unasikia?"

Ukaja ule mwaka watu wa Kasai walipoambiwa na wakubwa wa mkoa wetu warudi kwao, ingawa wengi walizaliwa hapohapo. Asubuhi moja vijana walijaa mbele ya nyumba ya karani, na kaka yangu alikuwa mbele yao. Karani alitoka na shati lake jeupe la kazi.

"Bandugu, tuko banjirani," alisema.

Kaka alimpiga ngumi ya shavu. Karani alianguka, kaka akamkandamiza kifuani kwa magoti na kuendelea kupiga, kushoto, kulia, hadi lile shati likawa jekundu. Rafiki yangu, yule binti wa karani, alimrukia kaka mgongoni akamng'ata sikio. Kaka alimrusha ukutani kama kitambaa. Mimi nilisimama kwenye ua, ngumi nimezikunja, sikuzitumia.

Kaporali alikuja mbio, povu la kunyolea likiwa usoni. Alimng'oa kaka pale juu na kumpiga mara moja tu. Nilisikia taya likivunjika. Kaka alianguka. Na kaporali, mwalimu wetu, hakuacha. Alimpiga akiwa chini, akilia, hadi nkambo alipommwagia ndoo ya maji.

Baada ya siku tatu nilipeleka bukari kwenye gare, stesheni ya reli, ambako familia yao ilikuwa imelala sakafuni ikisubiri treni pamoja na mamia ya wengine. Karani hakuweza kufungua macho. Rafiki yangu alitazama chakula, akanitazama mimi.

"Weye ulikuwa unaangalia," alisema.

Akanipiga mdomoni kwa nguvu zake zote. Jino lilitoka. Alibaki amesimama akingoja nimrudishie, sikuinua mkono. Hapo ndipo alipoanza kulia.

Taya la kaka lilipona likiwa limepinda, na hadi leo hataji siku ile. Kaporali alihamishwa, ua wake ukalimwa mihogo. Nkambo alishafariki. Treni ile niliiona ikiondoka, watu wamekaa hadi juu ya mabehewa, na wengi walifia njiani. Kwa miaka mingi nimewauliza watu wa Kasai ninaokutana nao, nikitaja jina la rafiki yangu. Sijui kama alifika.